Mnunuzi amekataa kontena letu la korosho: wanahisa waambiwe nini, na lini?

Kitangari (Newala) ameuliza:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za mchana.

Mimi ni katibu wa bodi ya kampuni ndogo ya kubangua korosho hapa kwetu, ambayo naomba nisiitaje jina. Tuna wanahisa 43. Wengi wao ni walimu wastaafu walioweka sehemu ya kiinua mgongo chao, wakulima walioleta fedha za msimu mmoja uliokuwa mzuri, na vijana wetu wachache wanaofanya kazi Dar es Salaam. Hakuna tajiri kati yetu, na kila hisa iliyonunuliwa ina historia yake.

Mwezi uliopita tulisafirisha kontena moja la korosho karanga, katoni 700. Mnunuzi alipopima unyevu alikuta umezidi asilimia 5 iliyoandikwa kwenye mkataba, akakataa kuipokea shehena, na kontena limebaki bandarini kwake likihesabiwa gharama za kila siku. Tulipokagua mashine tuligundua kwamba kipimajoto cha tanuri la kukaushia kilikuwa kinasoma vibaya kwa muda ambao mpaka sasa hatujaujua, kwa hiyo hata katoni zilizomo ghalani, ambazo tayari tumezifunga, tunazitilia shaka. Juu ya hayo tuna mkopo wa benki wa kununulia korosho ghafi, na rejesho linalofuata liko karibu.

Bodi imegawanyika. Mkurugenzi mtendaji anasema tunyamaze mpaka mkaguzi wa hesabu atakapomaliza kazi yake, ili tuseme jambo moja lenye uhakika. Mjumbe mmoja anataka tuwaambie kwanza wanahisa watano wakubwa, kisha hao watusaidie kuwatuliza wengine. Wakati sisi tunabishana, kwenye kundi la WhatsApp imeshaandikwa kwamba kiwanda kimefungwa na mkurugenzi ametoroka, na tayari nimesikia kwamba ndugu wa mjumbe mmoja ameanza kuulizia namna ya kuuza hisa zake.

Juzi asubuhi mama mmoja, mwalimu mstaafu, alifika getini na cheti chake cha hisa amekifunga kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko wenyewe ameuviringisha kwenye kitambaa. Alimwuliza mlinzi kama karatasi hiyo bado ina thamani. Mlinzi aliniita, nikatoka, na nikamwambia kwamba tutampigia simu. Alinitazama kidogo, akakikunja kitambaa chake, akaondoka. Tangu siku hiyo sina amani, kwa sababu mwaka ule tulipokuwa tunahitaji fedha zake nilikwenda mwenyewe mpaka nyumbani kwake na kukaa kwenye mkeka wake saa nzima nikimweleza kila kitu.

Ninaomba ushauri wa waliowahi kushughulika na mambo ya hisa na kampuni. Wenzetu wakubwa wanaposhikwa na balaa huwaambia nini wawekezaji wao, na kwa utaratibu gani?

Shangani (Mtwara Mjini) amejibu:

Kaka Kitangari, pole. Nilifanya kazi kwa dalali wa hisa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani, na swali lako ndilo lililokuwa likitukosesha usingizi kila kampuni moja ilipoanza kuyumba.

Nianze na pendekezo la mjumbe wenu wa wanahisa watano, kwa sababu ndilo la hatari kuliko yote. Anayejua habari mbaya kabla ya mwenzake anaweza kumwuzia mwenzake hasara. Kwa sababu hiyo Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 inakataza mtu mwenye taarifa za ndani kuzitumia kununua au kuuza, na Marekani tangu mwaka 2000 kuna kanuni inayoizuia kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa kumnong'oneza mwekezaji mkubwa au mchambuzi jambo ambalo umma haujaambiwa. Kampuni yenu haiko kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, hivyo kanuni za utoaji wa taarifa za soko haziwabani. Lakini sababu iliyozaa kanuni hizo iko kwenu vilevile, na imeshaanza kujionyesha, kwani huyo ndugu wa mjumbe anayetafuta mnunuzi amezipata wapi habari? Akifanikiwa kumwuzia hisa zake mkulima wa Kitangari asiyejua lolote kuhusu hilo kontena, mtakuwa na mgogoro mkubwa kuliko wa unyevu. Bodi ikutane leo na iazimie kwamba hakuna mjumbe wala jamaa yake atakayeuza au kununua hisa mpaka wote 43 wawe wamepata taarifa.

Sasa nije kwa mkurugenzi anayetaka kusubiri mkaguzi. Ninamwelewa. Mtu mwaminifu huogopa kusema jambo kisha likageuka. Hata hivyo amechanganya kujua yote na kusema kinachojulikana. Leo mnajua kwamba kontena limekataliwa, mnajua sababu, mnajua tanuri limesimamishwa, na mnajua kwamba shehena ya ghalani inatiliwa shaka. Hayo manne hayahitaji sahihi ya mkaguzi. Kiasi cha hasara ndicho kinachomhitaji, na hilo mnaweza kulisema wazi kwamba bado linapimwa, mkataja na siku mtakayolitolea majibu.

Kosa baya kuliko kunyamaza ni kutoa namba ndogo ili watu watulie. Mtambo wa kuchimbia mafuta wa Deepwater Horizon ulipolipuka katika Ghuba ya Meksiko tarehe 20 Aprili 2010, wafanyakazi 11 walikufa na kisima kikaanza kumwaga mafuta baharini. BP, kampuni ya mafuta iliyokuwa na kisima hicho, iliwaambia wawekezaji wake kwamba yanavuja mpaka mapipa 5,000 kwa siku, ikaendelea kuishikilia namba hiyo hata baada ya kuwa na makadirio yake ya ndani yaliyokuwa makubwa zaidi. Wataalamu wa serikali walikuja kukadiria kwamba yalikuwa mapipa zaidi ya 50,000 kwa siku. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 525 kwa mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, na malipo hayo hayakuwa ya mafuta yaliyochafua fukwe wala ya watu waliokufa. Yalikuwa ya ile namba peke yake, kwamba mwenye hisa alidanganywa kuhusu ukubwa wa tatizo wakati akiamua abaki au auze.

Kwa hiyo msije mkaandika kwamba hasara ni kontena moja tu wakati mnajua kwamba ghala zima lina mashaka. Neno hilo "tu" litawafuata mpaka mkutano mkuu.

Kuna pia hatari ya kampuni kuwa na vinywa viwili. Wengi hapa tunaikumbuka mwaka 2017, wakati wa sakata la makinikia, yaani mchanga wenye madini uliozuiwa kusafirishwa nje. Hisa za Acacia, kampuni ya kuchimba dhahabu, zilikuwa zikiuzwa London na pia zimeorodheshwa hapa Dar es Salaam, huku Barrick ikimiliki takriban asilimia 64 ya kampuni hiyo. Mazungumzo na Serikali yetu yaliongozwa na Barrick, na Oktoba mwaka ule ilipotangazwa kwamba yangetolewa malipo ya dola milioni 300, Acacia yenyewe ikasema haina uwezo wa kulipa kiasi hicho kwa mkupuo. Mwenye hisa mdogo aliyesoma matamko hayo mawili ndani ya siku mbili alibaki njia panda. Ninyi chagueni mtu mmoja wa kusema, na wengine wote, pamoja na mlinzi wa getini, wawe na jibu moja la heshima: taarifa imeandikwa, nakala yako hii hapa.

Ligula (Mtwara) amejibu:

Ninamheshimu kaka Shangani na sehemu kubwa ya maneno yake ninaikubali, ila kama mhasibu niliyekaa upande wa mikopo kwa muda mrefu, ninaona ameruka hatua moja. Kabla ya kuwaandikia wanahisa, nendeni benki.

Sisemi hivyo kwa kuwa benki ni bora kuliko mwalimu mstaafu. Mkataba wa mkopo kwa kawaida humtaka mkopaji atoe taarifa mara linapotokea jambo linaloweza kuathiri marejesho, na mkopeshaji anayezipata habari hizo kutoka mtaani hukasirika kuliko anayeletewa mezani. Halafu kuna jambo la pili. Mwanahisa akisoma barua yenu, swali lake la kwanza litakuwa kama benki itakamata kiwanda. Mkiwa hamna jibu, barua yenyewe itazaa hofu mpya.

Habari ya kweli inaweza kuangusha kampuni ikitolewa kwa mpangilio mbovu. Mfano ni Silicon Valley Bank ya California. Tarehe 8 Machi 2023 ilitangaza kwamba imeuza hatifungani (hati za fedha ilizokopesha) za takriban dola bilioni 21 kwa hasara ya dola bilioni 1.8, na kwamba inakusudia kukusanya mtaji wa dola bilioni 2.25. Hakuna uongo hapo. Lakini ilitangaza shimo kabla ya kuwa na udongo wa kulifukia, kesho yake mkurugenzi wake akawaomba wateja watulie, na siku hiyohiyo wenye amana wakaomba kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja. Tarehe 10 ikafungwa. Mtu akikwambia tulia, wewe unaanza kutafuta mlango ulipo.

Jirani zetu Kenya waliliona hilo Aprili 2016. Chase Bank ilikuwa imetoa hesabu zake za mwaka, kisha baada ya siku chache ikazitoa tena zikiwa zimebadilika, habari zikasambaa mitandaoni, watu wakakimbilia fedha zao, na Benki Kuu ikaiweka chini ya uangalizi. Kwa hiyo ninamwunga mkono mkurugenzi wenu katika jambo moja dogo: kila namba itakayoandikwa iwe imehakikiwa, kwa sababu namba inayotolewa mara mbili haiaminiwi hata ile ya pili ikiwa sahihi.

Siku mbili zinatosha kuongea na benki. Msizigeuze kuwa wiki mbili.

Kitangari ameandika:

Ahsante sana kaka Shangani, na ahsante dada Ligula. Leo asubuhi nimewasomea wajumbe maneno yenu yote mawili kwa sauti. Azimio la kutouza hisa limepita, ingawa mjumbe mmoja alikasirika. Kesho mkurugenzi na mimi tunakwenda Mtwara kuonana na meneja wa benki.

Bado tunakwama kwenye kiasi cha hasara. Mkurugenzi anasema tukiwa hatuna namba kamili tusiandike namba yoyote. Mimi ninaona barua isiyo na namba itasomwa kama barua ya kuficha. Tufanyeje?

Shangani amejibu:

Andikeni mipaka miwili, na chini ya kila mpaka elezeni umetokana na nini. Mpaka wa chini ni kwamba katoni 700 zinauzwa kwa bei ya punguzo hukohuko ziliko na katoni za ghalani zinakutwa salama. Mpaka wa juu ni kwamba katoni 700 zinarudishwa kwa gharama yenu na zote za ghalani inabidi zifunguliwe, zikaushwe upya na kufungwa tena, huku zile zilizoharibika zikitupwa. Pigeni hesabu ya kila upande, muuweke ule mbaya bila kuupunguza hata shilingi, na mwandike kwamba mkaguzi anaweza kuubadilisha.

Ninakubaliana na dada Ligula kuhusu benki, na ninakiri kwamba nilipaswa kuisema mwanzoni. Ila mfano wa California una upande wa pili ambao ningependa mkurugenzi wenu auone. Wenye amana wale waliweza kutoa fedha zao kwa kubonyeza simu. Wanahisa wenu hawawezi kukimbia na mtaji kwa usiku mmoja, kwani umo kwenye tanuri, ghala na magunia. Hofu yao haitaifilisi kampuni wiki hii. Kitakachotokea ni kwamba msimu ujao mtakapohitaji kuongeza mtaji wa kununua korosho ghafi, hakuna atakayewafungulia mlango. Hapo ndipo ukimya wa leo utakapodai gharama yake.

Na kama kuna mtu ana nia ya kuingiza fedha kwenye kampuni wiki hii, msizipokee kabla hajaisoma barua. Imperial Bank ya Kenya ilichukua shilingi bilioni 2 za Kenya kutoka kwa wawekezaji kwa njia ya hatifungani mwaka 2015, na Oktoba mwaka huohuo, hatifungani ikiwa bado inasubiri kuanza kuuzwa sokoni, benki ikawekwa chini ya uangalizi. Wale waliotoa fedha zao walikuwa wameonyeshwa nyaraka nzuri. Hakuna kidonda kinachochelewa kupona kama cha mtu aliyeombwa fedha na anayejua kwamba nyumba inaungua.

Mtama (Lindi) amejibu:

Nimesoma mjadala huu kwa makini kwa sababu sisi wa Lindi tumewahi kuwa upande wa pili wa barua za namna hiyo, na ningependa niongeze jambo kuhusu maneno yenyewe.

Mwishoni mwa Januari 2021 kampuni ya Equinor ya Norwei iliwatangazia wawekezaji wake kwamba imefuta thamani ya dola milioni 982 iliyokuwa ikiihesabu kwenye vitabu vyake kwa ajili ya mradi wa gesi asilia iliyosindikwa, ambao kiwanda chake kinakusudiwa kujengwa Likong'o, hapa Manispaa ya Lindi. Ilieleza sababu, kwamba mazungumzo yalikuwa yamepiga hatua lakini uchumi wa mradi haukuwa umefikia mahali pa kuruhusu thamani hiyo ibaki vitabuni. Kwa mtu wa hesabu, tangazo hilo linaeleweka. Kampuni inakiri kwamba kitu ilichokiandika kuwa mali hakistahili tena kuandikwa hivyo, huku leseni na mazungumzo vikiendelea.

Huku kwetu lilifika likiwa na sura nyingine kabisa. Kijiweni lilisikika kwa maneno matatu: Wazungu wameufuta mradi. Kufuta thamani vitabuni na kufuta mradi vinatofautiana kama kufa na kulala, lakini neno ni lilelile, na aliyekuwa amekopa kujenga nyumba ya wageni hakuwa na wa kumwuliza. Juni 2022 Serikali iliposaini makubaliano ya awali na Equinor na Shell, walewale waliosema mradi umekufa wakashangaa umefufuka vipi. Haukuwa umekufa. Tangazo lilikuwa limeandikwa kwa ajili ya mwenye hisa wa Oslo, na huyo alilielewa.

Ninyi mna bahati kwamba wanahisa wenu na majirani zenu ni watu walewale. Basi msiandike "kushuka kwa thamani ya bidhaa zilizopo ghalani". Andikeni kwamba korosho zilizomo ghalani huenda zina maji mengi kuliko inavyotakiwa, na kwamba kila katoni itapimwa.

Jambo jingine ninalitoa ng'ambo ya Ruvuma, kule Msumbiji. Tarehe 24 Machi 2021 kampuni ya Total ilitangaza kwamba kazi za mradi wake wa gesi kule Afungi zingerejea hatua kwa hatua, na siku hiyohiyo mji wa Palma ukavamiwa. Watu wa Mtwara hamhitaji kusimuliwa yaliyofuata, maana wakimbizi mliwaona kwa macho. Tarehe 26 Aprili kampuni ikatoa tamko fupi kwamba imewaondoa wafanyakazi wote na kwamba, kwa hali ya usalama ilivyo, inasimamisha wajibu wake wa kimkataba kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Tamko hilo la pili halikutaja siku ya kurudi kazini, na ilikuja kuchukua miaka zaidi ya minne kabla ya zuio hilo kuondolewa. Kwa hiyo mkiandika tarehe, iwe ni ya jambo lililo mikononi mwenu. Siku ya kutoa barua ya pili iko mikononi mwenu. Siku ya mnunuzi kukubali punguzo haiko.

Mahuta (Tandahimba) amejibu:

Mwanangu Kitangari, mimi si mtu wa soko la hisa. Nimekuwa kiongozi wa chama cha msingi cha ushirika kwa misimu mingi, na yangu ni machache.

Msimu mmoja malipo ya mnada yalichelewa kuingia kwenye akaunti za wakulima. Kila siku watu walikuja ghalani, na kila siku katibu aliwaambia kwamba fedha zinakuja. Wiki ya tatu walikuja na fimbo. Nilichofanya ni kuchukua karatasi ya manila, nikaiandika kwa kalamu nene: mnada upi umelipwa, upi haujalipwa, tani ngapi, nani tumemwuliza, lini, na amejibu nini. Nikaibandika ukutani ghalani. Kila jioni niliongeza mstari mmoja, na siku isiyokuwa na jipya niliandika kwamba leo hakuna jipya, nikaweka na saa. Fedha zilichelewa siku nyingine kumi na moja na hakuna aliyekuja tena na fimbo. Walikuja kusoma.

Barua pepe na WhatsApp zinawafaa vijana wa Dar es Salaam. Kwa wazee, itisheni kikao, barua isomwe kwa Kiswahili na kuelezwa kwa Kimakonde, na asome mkurugenzi mwenyewe, asitumwe karani. Na huyo mwalimu uliyemwambia utampigia simu, usimpigie. Nenda kwake.

Kitangari ameandika:

Mzee wangu Mahuta, ushauri wako nimeupokea kwa mikono miwili.

Tumerudi kutoka benki. Meneja hakufurahi, lakini alisema afadhali tumekuja wenyewe. Amekubali kutusogezea rejesho moja, kwa sharti kwamba tumpelekee matokeo ya vipimo vya ghala kila wiki. Mkurugenzi amekubali kusaini barua na kuisoma mwenyewe. Rasimu ni hii, naomba mnirekebishe:

"Ndugu Mwanahisa,

Mnunuzi wetu wa nje amekataa kontena moja la korosho karanga, katoni 700, kwa sababu unyevu wake umezidi asilimia 5 ya mkataba. Chanzo ni kipimajoto cha tanuri letu kilichoharibika bila sisi kugundua. Kosa hilo ni la usimamizi wa kampuni, na bodi inaomba radhi.

Tanuri limesimamishwa. Katoni zote zilizomo ghalani zinafunguliwa na kupimwa. Hasara tunaikadiria kwa mipaka miwili iliyoelezwa kwenye ukurasa wa pili, na mkaguzi wa hesabu anaweza kuibadilisha. Benki imetaarifiwa na imekubali kusogeza rejesho moja. Wafanyakazi wa kubangua na kumenya wanaendelea na kazi.

Hakuna sababu ya kuwa na wasiwasi. Hatujui bado kama mnunuzi atakubali kuichukua shehena kwa punguzo. Wajumbe wa bodi na jamaa zao wamezuiwa kuuza au kununua hisa mpaka taarifa ya mkaguzi itoke. Barua ya pili mtaipata baada ya wiki mbili, hata kama hatutakuwa na jipya."

Shangani amejibu:

Kaka, ni barua nzuri, na kwa kampuni ya wanahisa 43 imetimiza mengi ambayo nimeona kampuni kubwa zikiyakwepa. Ondoa sentensi moja: "Hakuna sababu ya kuwa na wasiwasi." Sababu ipo, na mmeieleza vizuri katika aya mbili zilizotangulia, kwa hiyo anayesoma atajiuliza kama mmeyaelewa mliyoyaandika wenyewe. Na mahali pa "baada ya wiki mbili" weka siku na tarehe kamili.

Kama inawezekana ianze kugawiwa kesho Alhamisi. Ijumaa kuna mnada, wote watakuwa pale uwanjani, na kila mmoja akiwa ameshika nakala yake mkononi, huyo wa WhatsApp hatakuwa na cha kuwasimulia.

Kitangari ameandika:

Nimeiondoa, na tarehe nimeiweka. Nakala 43 zimechapwa. Ya kwanza nimeipeleka mwenyewe jioni hii, kwa miguu. Aliisoma akiwa amekaa kwenye mkeka uleule, akarudi kwenye ukurasa wa pili, akaweka kidole kwenye mpaka wa juu wa hasara na kuniuliza tuliupataje. Tumekaa mpaka magharibi tukipiga hesabu pamoja.